Mfungo Sita, Upande wa Masufuria

Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukiandama, mtaani kwetu Mji wa Kale watu hawaulizani maulidi yatasomwa na nani. Huulizana masufuria yako kwa nani. Mwaka huu yalikuwa kwetu, kwa kuwa ua ni mpana na jirani wa nyuma hanuni kwa moshi.

Wanaume wana busati lao, ubani, matari na Barzanji, kitabu cha maulidi. Sisi huku nyuma twafuata kwa kipaza sauti. Msomaji akifika panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume, wote husimama, nasi husimama, miiko mikononi. Matari yakikolea, hata anayekata vitunguu mabega humcheza. Wako wasemao yote haya ni bidaa, uzushi katika dini. Ubishi huo niliukuta, na nitauacha.

Pilau ya halaiki ina masharti yake. Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe hudhurungi, karibu na kuungua, maana rangi hutoka hapo. Anayetia nyanya ili ipate wekundu simsemi, ila sili kwake. Nyama ichemke kwanza, na supu yake ndiyo ipikie mchele. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga tulitwanga asubuhi ile ile. Maji yakikaribia kukauka, kuni huvutwa nje na makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Hapo ndipo binti mmoja alipofunua, akazamisha mwiko.

"We mwanangu!" bibi mkuu wa jikoni alimaka. "Hiyo ni pilau, si bokoboko!"

Bokoboko ni ngano na nyama, hilo ndilo la kupondwa kwa mwiko. Binti alicheka, bibi hakucheka.

Shangazi yangu hayumo katika haya. Mwezi huu yeye hupanda basi mpaka Mokowe, akavuka kwa boti kwenda Lamu, kwenye maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuasisi. Huko ni ziara kaburini kwake, goma la fimbo, hata mbio za punda, na wageni huja kutoka pwani nzima. Akirudi hutuuliza, kwa upole wa kuudhi, kama na sisi tulisoma chochote.

Masinia yalitoka na kachumbari, ndizi mbivu na achari ya ndimu, watu wanne wanne. Kahawa chungu na halwa zikafuata. Ukoko tuliula wenyewe uani, na kijana aliyekuja kuuliza kama umebaki tulimpa sufuria aoshe.