Siku moja kaunta ya polisi

Saa 11:15 alfajiri
Chai ya rangi, chapati ya jana, sare nimeipiga pasi tangu usiku. Mimi ni koplo, V mbili mkononi, na leo nipo kaunta ya kituo cha wilaya, mkoani Morogoro. Watu hudhani polisi kazi yake kukimbiza wezi. Mimi siku nzima naandika.

Saa 12:00 asubuhi
Makabidhiano. Silaha, pingu, funguo, kisha mahabusu. Hapo sipokei hesabu ya mdomo: naita jina, mtu anaitika, namwona uso. Nikishasaini, akikutwa na jeraha, la kujibu ni mimi. Mmoja ana kosa la kudhaminika na saa 24 zake zinaisha mchana huu. Namtafuta mpelelezi wake mapema: apewe dhamana au apelekwe mahakamani.

Saa 2:00
Paredi fupi. Mkuu wa Kituo, OCS, anagawa kazi: doria, lindo la benki, wa kwenda mahakamani. Hapa raia wengi huchanganya, na waandishi wa habari pia. OCS, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) ni madaraka, si vyeo. Vyeo huanzia konstebo, koplo, sajenti, vikapanda kwa wakaguzi, warakibu na makamishna hadi IGP, Mkuu wa Jeshi la Polisi. Ndiyo maana OCS wa kituo kimoja anaweza kuwa mkaguzi na wa kingine mrakibu msaidizi, na wote wakaitwa OCS.

Saa 3:40
Mgambo wawili wanamleta kijana anayedaiwa kuiba simu sokoni, na simu yenyewe. Shati limechanika, nyusi imepasuka, damu imeshuka hadi kwenye kola.

"Afande, mwizi huyu, muweke ndani."

"Mtuhumiwa. Mmemkamata saa ngapi?"

Wanatazamana. Saa tatu kasoro, anasema mmoja. Naandika saa waliyomkamata na saa waliyomfikisha, kila moja peke yake. Si ukorofi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mpelelezi saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi, na akihitaji zaidi lazima ziongezwe kwa utaratibu. Mahakama ya Rufani imekwisha kuyatupa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa baada ya kuonywa, yaliyochukuliwa nje ya muda. Kesi nzuri hufia hapo.

Namwambia kijana kosa analotuhumiwa. Konstebo wa kiume anampekua: shilingi 2,300, mkanda, chaja. Naorodhesha, anasaini. Kabla ya mahojiano namwandikia PF3, fomu ya polisi ya matibabu, anapelekwa hospitali na askari. Mgambo wananuna. Nawauliza ni nani alimpiga. Ghafla kila mmoja alikuwa mbali.

Saa 6:30 mchana
Kijana amerudi na nyuzi tatu juu ya jicho. Mpelelezi anamwonya kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema laweza kutumika kama ushahidi, na kwamba anaweza kumwita ndugu au wakili. Anamtaja mama yake.

Saa 8:00
Mama anafika na barua ya mwenyekiti wa mtaa na mdhamini. Anafungua pindo la kanga, anatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, anazisogeza chini ya kitabu changu cha taarifa.

"Mwanangu, nimepata hizi tu."

"Mama, zirudishe. Dhamana ya polisi haiuzwi."

Haniamini. Anazirudisha polepole huku akinitazama, kana kwamba nitataja bei baadaye. Tangazo la dhamana ni bure lipo ukutani nyuma yangu, maandishi makubwa, lakini mtu aliyewahi kutozwa mahali hatashawishiwa na karatasi. Nasoma masharti kwa sauti, mdhamini anasaini, kijana anarudishiwa mkanda na shilingi zake 2,300. Ndipo mama anakaa kwenye benchi na kupumua.

Saa 9:45
Mfanyabiashara anataka mdeni wake alale ndani mpaka alipe. Namwambia hilo ni dai la fedha, si jinai, aende Mahakama ya Mwanzo. "Wakubwa wako nawafahamu." Vizuri, OCS mlango wa pili kushoto. Alitoka huko baada ya dakika chache, hakuniaga. Mkubwa angeniagiza nimfunge mdeni, ningeomba agizo liandikwe kitabuni. Maagizo ya namna hiyo hupungua sana yakitakiwa kuandikwa.

Saa 11:30 jioni
Taarifa ya siku inapanda kwa OCS, kwa OCD, kisha mkoani. Mwenye simu amepiga mara ya tatu akiitaka simu yake. Nimemweleza kuwa ni kielelezo. Akiihitaji kabla kesi haijaisha, aiombe mahakamani. Amekata bila kuaga. Mwenzangu wa usiku kafika, tunaanza kuhesabu pingu.