Siku moja maishani mwangu: mpishi wa chakula cha migomba ya chupani

Kazi yangu ni kukuza miche ya migomba maabara, kutoka vipande vidogo vya tishu vinavyolishwa ndani ya chupa. Saa 1:00 asubuhi nakagua chupa za wiki iliyopita. Mbili zimeota ukungu. Nazitoa zikiwa zimefungwa vilevile, maana kufungua moja tu humu maabara ni kuambukiza nyingine.

Saa 2:00 napika chakula: madini, vitamini, sukari gramu 30 kwa lita, agari ya kugandisha, na homoni. Lita nzima hupata miligramu chache tu za homoni, nami huzipima nikiwa nimebana pumzi. Narekebisha pH, yaani kiwango cha uchachu, hadi 5.8, kisha otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzijoto 121. Hadi saa 6:00 ni kisu, koleo na spiriti mbele ya kabati la hewa safi.

Hapo ndipo mteja alipoingia. Miche yake bado.

“Dada, si muongeze hiyo dawa izae haraka?”

Nilivua glavu. Swali hili huniuma, kwa sababu watu hudhani homoni ni mbolea. Nikamweleza jambo ambalo watafiti Skoog na Miller walilionyesha mwaka 1957 kwa tishu za tumbaku: kinachoamua ni uwiano wa homoni mbili, saitokinini na oksini. Saitokinini ikiizidi oksini, tishu huchipua. Oksini ikizidi, hutoa mizizi. Zikikaribiana, unapata donge la seli lisilo na jani wala mzizi.

“Sawa, lakini ukiongeza kidogo tu?”

Nikamletea chupa. Nikamwonyesha vichipukizi vilivyozidishiwa saitokinini: vifupi, vimejaa maji, vinang'aa kama kioo. Hivyo vikitolewa nje hunyauka. Tena ukiikimbiza tishu kwa homoni nyingi na mizunguko mingi ya kukata na kupandikiza, unakaribisha migomba yenye kasoro, na kasoro nyingine utaziona shambani, umeshapanda. Alisikiliza, akatazama saa yake, akauliza kama wiki ijayo itakuwa tayari. Nikarudia tangu mwanzo. Karibu saa nzima ilikwisha.

Mchana sikumbuki vizuri. Kata, choma koleo, pandikiza, funga. Mgongo uliwaka moto. Wakati fulani niliweka kisu chini nikasoma lebo mara mbili, kwa kuwa trei ya kuchipua na ya kuotesha mizizi zinafanana kabisa kwa macho, na mkono uliochoka haujui tofauti.

Jua lilikuwa limeshazama nilipofika chumba cha ukuzaji. Trei ya yule bwana ilikuwa rafu ya pili. Vichipukizi vitatu, vinne kwa kila kipande, kijani kilichokolea, vimesimama wima. Wiki ijayo vitapikiwa chakula chenye oksini. Nikaandika tarehe kwenye vifuniko, nikazirudisha chini ya taa.