Siku moja kwenye gulio la pikipiki kuukuu: kazi ya kusimama

Saa 10 na robo alfajiri simu inaita mara moja, inakata. Ni mzee Mrundi ninayefanya naye kazi, maana yake gari liko chini na injini inanguruma. Chai naibeba kwenye chupa, mkate nautafuna njiani. Tunavuka mto kwa daraja la Centennial, kutoka Rock Island upande wa Illinois kwenda Davenport upande wa Iowa. Daraja hilo lilifunguliwa 1940, kwa hiyo ni rika moja na baadhi ya pikipiki nitakazozisimamisha leo. Chini yake ni Mississippi, ambao kipande hiki unatiririka kutoka mashariki kwenda magharibi. Mgeni anayedhani mto huu kila mahali unaelekea kusini atapotea mchana kweupe.

Ndugu zangu Kigoma wakiuliza ninafanya nini wikendi, huwa nasema usalama barabarani. Mdogo wangu aliangua kicheko kwenye simu: "Kaka, wewe? Wewe uliyekuwa unawakimbia trafiki Mwanga nzima?" Sina cha kubisha. Miaka 6 nimeendesha bodaboda, Mwanga kwenda Ujiji na kurudi, abiria wawili nyuma na ndoo ya mawese mbele. Leo mwenye kizibao cha njano na mkono juu ni mimi, na ninaowasimamisha ni wazee wa umri wa baba yangu.

Niwaeleze kwanza ni kitu gani, maana hata majirani zangu hapa hawakijui. Kuelekea Labor Day, ile sikukuu ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, wapenda pikipiki za kale hujaa kwenye viwanja vya maonyesho vya Davenport kuuziana na kubadilishana vipuri. Kwa chama chao cha kitaifa, kilichoundwa 1954, pikipiki ni ya kale ikitimiza miaka 35. (Bodaboda yangu ya SanLG ilionekana hivyo ikiwa na mitatu, lakini hawaihesabu.) Ni gulio kama la Kasulu, turubai chini na bidhaa juu yake, ila badala ya ndizi na maharage ni fremu, kabureta, taa, na matangi yenye kutu. Nimeona tangi moja la Indian, pikipiki ya Kimarekani ya zamani, ambalo bei yake ingeninunulia bodaboda mpya aina ya Boxer. Mwenye nalo alikataa kupunguza hata dola 1.

Sasa, viwanja ni vikubwa na wanunuzi wengi wana magoti ya miaka 70. Hakuna anayetembea. Wako kwenye vigari vya gofu, viti vya umeme, baiskeli za injini, vipikipiki vya kitoto vyenye mngurumo wa simba, na katikati yao zinapita zile kuukuu zenyewe zikijaribiwa na wateja. Vyote hivyo kwenye vichochoro ambavyo pande zote mbili kuna watu wameinama wanachungulia vyuma, makalio yakiwa barabarani. Kazi yangu ni kuhakikisha mwisho wa siku kila mtu anaondoka na makalio yake.

Saa 12 tunapewa redio na maelekezo. Kasi isizidi maili 5 kwa saa, kama kilomita 8, yaani mwendo wa mtu anayewahi basi. Kuendesha ni kwa mwenye leseni tu. Miguu ndani, hakuna kusimama juu ya trela, vichochoro vya katikati ni vya kwenda upande mmoja. Nachomeka kibao cha "5" kwenye kona ya kichochoro cha tatu, nakigonga kwa jiwe mpaka kinashika. Kibao hicho mkikumbuke.

Kuanzia saa 1 hadi saa 3 ni kufunga utepe kwenye usukani wa vigari na kusema habari ya asubuhi mara mia nne.

Saa 3 na nusu anakuja yeye. Kigari cha gofu, nyuma yake trela, juu ya trela fremu ya pikipiki ya Harley imelazwa kwa ubavu, uma wake wa mbele umetokeza nje kama pembe za ng'ombe wa Ankole, usawa wa kiuno cha mtu. Kwenye kiti cha nyuma kinachotazama nyuma wajukuu wawili wananing'iniza miguu, na pembeni yao jamaa amesimama akishika paa. Mishikaki kamili. Na anakuja kinyume na mshale.

Nainua mkono. Anapunguza, hasimami, ananipungia kama ninamsalimia. Nasogea mbele ya kigari. Hapo ikabidi asimame.

"Mzee, samahani, kichochoro hiki kinaelekea huku."

"Kijana, mimi nakuja hapa tangu hujazaliwa."

Inawezekana. Nikamwambia hongera, lakini mshale nao umechomekwa leo asubuhi. Nikamwomba wale watoto waingize miguu na yule bwana ashuke. Akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Akauliza kama huko kuna pikipiki. Nilitamani nimpeleke stendi ya Mwanga saa 1 asubuhi akajionee mwenyewe. Nikajibu zipo kiasi.

Watu wanadhani hatari ya mahali hapa ni zile pikipiki kubwa. Siyo. Pikipiki kuukuu inapiga kelele, inatoa moshi, kila mtu anageuka. Kigari cha gofu cha umeme kinakuja kimya kama paka, na nusu ya watu hapa masikio yamekwishaharibiwa na injini za ujana wao. Vingi vina breki za magurudumu ya nyuma tu. Ukikifungia trela lenye chuma cha kilo nyingi, ukateremka kwenye nyasi zenye umande, trela ndilo linaloendesha. Na ukikata kona kali kushoto, aliyekaa kulia anachomoka, kwa sababu hakuna mlango wala mkanda. Mtoto anayetazama nyuma haoni kona inakuja, kwa hiyo hashiki kitu.

Yote haya nilimweleza, kwa adabu, kwa Kiingereza changu nilichonacho. Nyuma yake foleni inakua. Mmoja anapiga honi ya enzi hizo, ile ya mpira wa kuminya. Mwingine anataka kujua kama tunauza au tunahutubia. Mzee akasema hataongea na mimi tena, anamtaka bosi. Nikaita kwa redio. Msimamizi wetu ni mama mmoja ambaye hapandi kigari hata kwa mtutu wa bunduki, hutembea tu, na alikuwa upande wa pili wa uwanja. Tukasubiri dakika 12. Nazijua kwa sababu nilikuwa naitazama saa nisimtazame yeye.

Mama akafika, akaangalia, akasema: "Geuza gari, watoto miguu ndani, huyo ashuke, fremu ipangwe kwa urefu." Maneno yangu yaleyale, hata mpangilio wake. Mzee akaitikia, "Naam, sawa kabisa." Papo hapo! Sikusema kitu. Nilimeza mate, yakapita na mkate wa asubuhi.

Ila kuifunga ile fremu walishindwa. Mikanda yao ya kukaza ilikuwa inateleza kwenye chuma chenye mafuta. Nikatoa mpira mfukoni, kipande cha tyubu niliyoikata mwenyewe, mwendesha bodaboda hatembei bila mpira. Nikalaza fremu kwa urefu, nikazungusha chini ya ekseli, nikavuta kwa goti, fundo moja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafunga tenga la dagaa kutoka Ujiji, na halikuanguka hata siku moja. Mzee akaitikisa fremu. Haikutikisika, trela ndilo lililotikisika. Akaniangalia, akapanda kigari, akaenda. Na mpira wangu akaenda nao.

Mchana, saa 6 hivi, lile la pikipiki.

Ili mlielewe, hizi za zamani haziendeshwi kama tulivyozoea. Harley ya miaka ya 1940 gia zake ni kigingi kando ya tangi, unazipanga kwa mkono wa kushoto, klachi iko mguu wa kushoto. Indian nyingi zina mafuta mkono wa kushoto na gia kulia, yaani mtu aliyezoea moja akipanda nyingine mikono yake inamsaliti. Halafu breki. Harley haikuwa na breki ya mbele mpaka modeli za 1928, na hata zilizo nayo, usiitegemee. Klachi ya mguu ya kawaida inabaki pale ulipoiacha. Lakini wapo wanaoibadilisha, wanaweka ya springi inayorudi yenyewe ukiondoa mguu. Wenyewe wanaiita klachi ya kujiua, na hawatanii.

Mteja mmoja alikuwa anajaribu pikipiki ya namna hiyo. Alikuwa anakuja taratibu, vizuri kabisa, nami nikafanya kosa ambalo nakiri hapa: nikamwinulia mkono wa kumsimamisha ili mama mmoja mwenye toroli avuke. Akasimama. Pale ardhi inalalia kushoto kidogo. Mwili wake, uliozoea pikipiki za leo, ukateremsha mguu wa kushoto kujishika. Klachi ikarudi, gia imo ndani. Ile kitu iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa.

Nilimvuta yule mama kwa mkoba wake, toroli likabaki. Pikipiki ikalipiga toroli, ikapanda turubai la jirani, ikazimika katikati ya vioo vya taa. Hakuna aliyeumia. Mwendeshaji alibaki ameushika usukani, uso mweupe kuliko alivyozaliwa. Mwenye vioo akaanza kuhesabu kwa sauti vilivyopona.

Tangu hapo mzee Mrundi na mimi tumekubaliana: ikija yenye gia ya mkono hatuisimamishi, tunawasimamisha watu. Tunaifungulia njia mbele, kama ambulensi. Angeniambia mtu asubuhi ningecheka. Trafiki anayempisha bodaboda!

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Jua la Iowa la mwanzo wa Septemba halina huruma na vivuli vyote vimeshikwa na wauzaji. Nilimwaga mchanga kwenye mafuta yaliyovuja, nikamwaga tena, maana hizi injini zinavuja kama zinalipwa. Nilimteremsha mtoto wa miaka kama 11 kwenye usukani, babu yake akasema anaendesha trekta shambani, nikasema hapa si shambani, akaniita jina ambalo sikulielewa na mzee Mrundi akakataa kunitafsiria. Nilikula hotdogi nimesimama. Visigino vilikuwa vinapiga kama ngoma. Unaposimama masaa kumi, unaanza kuwachukia watu kwa sababu tu wamekaa.

Wakati fulani hapo katikati nikagundua kibao changu cha maili 5 hakipo. Shimo lipo, jiwe nililogongea lipo. Nikaulizia, hakuna aliyeona.

Jioni ndiyo ngumu, kwa sababu Ijumaa kuna mbio kwenye duara la vumbi la nusu maili, na watu wote wanaelekea upande mmoja kwa pamoja: watembea kwa miguu, vigari, na vijana wanaosukuma pikipiki za mbio. Zile hazina breki ya mbele kwa makusudi, kwenye vumbi zinakata kona kwa kuteleza. Kwa hiyo sheria ni moja, zisukumwe zikiwa zimezimwa mpaka kwenye lango la uwanja. Kijana mmoja aliiwasha. Nilimtazama tu, sauti ilikuwa imeisha kooni. Akaizima. Sijui aliona nini usoni mwangu.

Saa 12 jioni tumekabidhi redio. Tukakata kupitia kichochoro cha tatu kwenda kwenye gari, mimi nikichechemea, mzee Mrundi amevua viatu anatembea na soksi. Pembeni kuna meza ya vibao vya zamani, vya petroli, vya oili, vya maduka yaliyokwishafungwa. Katikati yake, kimeegemezwa vizuri kabisa, kibao cha "5". Kimebandikwa karatasi: dola 20.

Nikamwuliza muuzaji kimetoka wapi. Akasema cha zamani sana, miaka ya 50, ameletewa na mtu mchana. Nikakigeuza, nikamwonyesha udongo kwenye mguu wake, bado mbichi.

Akautazama udongo, akanitazama na kizibao changu.

"Kwako wewe," akasema, "chukua kwa 10."