Timu ya Catalunya na uwanja wa netiboli wa Unguja

Jamaa zangu wa Unguja wakisikia naishi Terrassa, karibu na Barcelona, huniuliza habari za Camp Nou. Mimi uwanja ninaoujua ni ukumbi wa michezo wa mtaani, ambako wasichana na wavulana hucheza kofboli pamoja, timu moja. Na timu ya taifa ninayoishabikia ni ya Catalunya, jimbo hili la Hispania, ya mchezo huo huo.

Niueleze kwanza, maana najua wengi wenu hamjauona. Ulianzishwa mwaka 1902 na mwalimu wa Amsterdam, Nico Broekhuysen. Timu ina watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne. Uwanja wa mita 40 kwa 20 unagawanywa nusu mbili, na kila nusu kila timu inaweka wanawake wawili na wanaume wawili. Hukimbii na mpira wala huudundi, unapasia tu. Kikapu kiko juu ya nguzo, mita 3.5 kutoka chini. Hakina ubao nyuma yake, na kimesogezwa ndani ya uwanja, kwa hiyo watu wanakizunguka na kutupa kutoka upande wowote. Yakiingia magoli mawili, wachezaji wanabadilishana nusu: aliyekuwa mshambuliaji sasa analinda. Hakuna anayestarehe katika kazi moja.

Kanuni inayonifurahisha kuliko zote ni hii: ukikabwa, huruhusiwi kufunga. Mlinzi akiwa mbele yako, karibu kiasi cha kukufikia, mkono juu anazuia, basi hata mpira ukiingia goli halihesabiwi. Urefu pekee haukupi kitu. Lazima umpoteze mlinzi wako kwanza: unachomoka, unasimama ghafla, unarudi nyuma hatua mbili, mpira unakukuta tayari. Na mwanamke hukabwa na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Nilikuwa mfungaji wa netiboli skuli, na wavulana walikaa pembeni wakitutazama kama vile mchezo wetu ni wa kupitishia muda kabla mpira wao haujaanza. Hapa namuona kijana mrefu akimtafuta kwa macho msichana aliye huru kwa sababu yeye amekabwa, na bila huyo dada hawafungi. Jambo hili linanigusa sana.

Uholanzi ndiyo wakubwa. Tangu Kombe la Dunia lianze mwaka 1978, kombe lilitoka mikononi mwao mara moja tu, mwaka 1991, Ubelgiji walipolichukua Antwerp. Fainali ya ligi yao inajaza ukumbi wa Ahoy kule Rotterdam. Catalunya hawana hayo. Lakini Kombe la Dunia wanakwenda. Brno 2007, Shaoxing 2011, Antwerp 2015, Durban 2019, mara ya kwanza kombe hilo kuchezwa Afrika. Oktoba 2024 wakawa wenyeji wa ubingwa wa Ulaya, katika mji wa Calonge, kule pwani.

Na wanakwenda kwa jina lao. Kwenye soka, Catalunya haimo FIFA wala UEFA, timu yao hucheza mechi za kirafiki tu. Shirikisho la kimataifa la kofboli limewafungulia mlango, na mlango ukishafunguliwa lazima uwe na kocha, wachezaji, nauli, mazoezi ya usiku baada ya kazi. Nawaheshimu kwa hilo. Kushindwa na Waholanzi ukiwa na jina lako kifuani ni heshima ambayo wengine tunaililia.

Mzanzibari yeyote ananielewa. Machi 2017, mkutano wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, kule Addis Ababa ulituingiza kuwa mwanachama wa 55. Julai mwaka huo huo tukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili. Desemba yake, timu yetu ya soka, Zanzibar Heroes, wakaenda Kenya kwenye Chalenji, kombe la CECAFA, shirikisho la soka la Afrika Mashariki na Kati, wakaifunga Tanzania Bara 2–1, wakaitoa Uganda, na kule Machakos wakapoteza fainali kwa Kenya kwa mikwaju ya penalti. Watoto wale walicheza kwa moyo ambao sijauona tena. CECAFA ndipo mahali petu, na kombe letu la 1995 bado tunalitaja. Juu ya hapo, ukuta.

Ndiyo maana nasema michezo midogo tusiidharau. Sidhani kofboli itakuwa rahisi nyumbani. Najua wazazi watauliza habari za wasichana kucheza na wavulana, na wana haki ya kuuliza. Nitawajibu kwamba kila mmoja anakabwa na wa jinsia yake, kugongana na kushikana ni kosa, na binti anaweza kucheza na hijabu yake na suruali ndefu. Vifaa ni mpira mmoja, nguzo mbili na vikapu viwili. Nguzo za netiboli tayari zina mita 3.05, zimepungua sentimita 45 tu.

Dada yangu anasomesha skuli moja mjini Unguja na nimeshamwandikia. Ameniuliza nguzo inasimama wapi. Nimemjibu: chukua urefu wa uwanja, gawa kwa sita, pima hapo kutoka mstari wa mwisho, katikati. Kwa uwanja wenu wa netiboli ni kama mita 5.