Ndama Aliyekuwa Wima

Nilikuwa mwanafunzi wa utabibu wa mifugo, mwaka wa mwisho, ule mwaka mtu anapojiona daktari kabla ya cheti. Zizi lilikuwa limeingiwa na ugonjwa wa miguu na midomo: ng'ombe wakubwa wanadondosha mate, wanachechemea, ndimi zimejaa malengelenge. Ndama mmoja wa siku kumi hakuwa na lengelenge hata moja. Alisimama tu, anahema haraka, ameacha kunyonya.

Nilimtoa damu shingoni, nikaikimbiza maabara. Majibu yalipotoka nilifurahi, na leo naona haya kusema hivyo: vimeng'enya viwili vya damu, AST na GGT, vyote juu. Nilivyokariri mimi, hivyo viwili vikipanda pamoja, ini linaumwa. Nikaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: INI.

Mzee wa maabara aliisoma, kisha akainua mrija kwenye mwanga. Seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikiganda, ilikuwa ya manjano safi, haina wekundu, yaani chembe za damu hazikupasuka njiani zikavuruga vipimo. Hapo akanisifu. Halafu akauliza, "Daktari, huyu ndama alinyonya dang'a?"

"Alinyonya, mzee."

"Basi hiyo GGT ni ya mama yake."

Sikuwa najua. Dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, imejaa kimeng'enya hicho, na ndama akishainywa, damu yake hubaki nacho juu kwa wiki kadhaa. AST nayo haina kwao: hutoka kwenye ini, hutoka pia kwenye misuli. Akapima CK, kimeng'enya cha misuli. Ilipita kiwango cha mashine, ikabidi azimue seramu ndipo isomeke.

"Ni msuli," nikasema. "Lakini mbona hajalala chini hata siku moja?" Ng'ombe akilala muda mrefu huponda misuli yake mwenyewe, CK ikapanda. Huyu alikuwa wima.

"Na moyo je? Si msuli?"

Ndama alianguka kesho yake asubuhi, akielekea kiwele cha mama yake. Tulipompasua, ini lilikuwa zima kabisa. Moyo ndio ulikuwa na michirizi ya kijivu na manjano, milia mitupu. Kwa ndama mchanga, virusi vya ugonjwa huu wa miguu na midomo huweza kuushambulia moyo na kumuua kabla mdomo haujatoa lengelenge.

Mzee alikata lile neno langu kwenye fomu kwa mstari mmoja, akanipa kalamu niandike mwenyewe.