Diski Iliyojaa na Faili Isiyoonekana

Siku ya pili baada ya zefe la Maulidi, kompyuta inayohifadhi picha na video katika duka la binamu yangu, mtaa wa Langoni hapa Lamu, ilikataa kupokea faili yoyote mpya, na wateja walikuwa wakizisubiri video zao. Kompyuta hiyo hutumia Linux na haina kioo, kwa hiyo kila kitu hufanywa kwa kuandika amri.

Nilianza na `df -h`, ambayo huonyesha ukubwa wa kila diski na kiasi kilichotumika. Ilisema GB 212 zimetumika kati ya 223 na nafasi iliyobaki ni sifuri. Zile 11 hazikupotea, kwani ext4, mfumo wa kupanga faili kwenye diski hiyo, kwa kawaida huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi. Kisha nikaandika:

`sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h`

Amri hii hujumlisha kila saraka (folda) na kuiweka kubwa zaidi chini kabisa, na herufi x huizuia isivuke kwenda kwenye diski nyingine zilizochomekwa. Bila sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, huziruka saraka zisizo na ruhusa, na jumla huwa ya uongo.

Jumla ilikuwa GB 150. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa kuwa GB 62 zilikuwa zimetumika pasipo faili yoyote ya kuzieleza.

"Kaka, faili ile kubwa ya kumbukumbu nimeifuta mwenyewe jana usiku," binamu yangu alisema, akimaanisha faili ambamo programu huandika kila inachofanya, na alikuwa mkweli. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, hata hivyo, amri ya `rm` huondoa jina tu. Nafasi hurudi pale ambapo jina la mwisho limeondoka na hakuna programu inayoendelea kuishikilia faili hiyo. Amri ya du hupita kwenye majina, nayo df huuliza mfumo wa faili wenyewe, na ndiyo maana hesabu zao zinaweza kutofautiana bila yeyote kati yao kukosea. Naliona hili kuwa jambo muhimu kuliko amri zote, kwa sababu asiyelijua huendelea kufuta kazi za watu akitafuta nafasi ambayo haiko huko.

Amri ya `sudo lsof +L1` huorodhesha faili zilizofunguliwa ambazo hazina jina tena. Ilionyesha ile ya GB 62, ikishikiliwa na programu inayogawa video dukani. Niliizima programu hiyo peke yake na kuiwasha upya, na df ikashuka papo hapo hadi 150.

Nilimwachia binamu yangu amri ya `truncate -s 0`, ambayo huifanya faili ya kumbukumbu kuwa tupu bila kuliondoa jina lake. Kabla ya adhana ya alasiri video zilikuwa zinanakiliwa.