Nilivyoituliza VCO yangu, noti zikaacha kuhama kila joto likibadilika

Kwenye sintesaiza ya moduli oskileta (VCO, ile inayotengeneza noti kwa kuongozwa na volteji) ndo inayosumbua kuliko zote, filta ikiyumba kidogo nani atajua, lakini noti ikitoka kwenye tuni hata mtoto anasikia. Yangu ni ya wimbi la msumeno, yaani mkondo unajaza kapasita mpaka komparata (saketi inayolinganisha volteji mbili) iseme basi, swichi inaimwaga, inaanza upya. Nje ya kesi ilikuwa inapiga safi kabisa, ila ikikaa ndani na moduli zingine zikipata moto, noti imeshahama.

Wengi hapo wanakimbilia kapasita. Sawa, polistaireni ni nzuri, ila solda ikikawia pale inayeyuka, mi naona ya seramiki aina ya C0G inatosha kabisa, ya kukwepa ni seramiki ya X7R maana thamani yake inabadilika na volteji iliyonayo, hata wimbi lenyewe linapinda. Lakini shida yangu haikuwa hapo, ilikuwa kwenye zile transista mbili zinazogeuza volti 1 kwa oktava kuwa mkondo unaoongezeka mara mbili kila oktava. Pale kwenye besi, ule mguu wa transista unaoiongoza, oktava nzima ni milivolti 18 tu! Na transista inashuka kama milivolti 2 kwa kila digrii ya joto, piga hesabu, hiyo ni zaidi ya semitoni kwa digrii moja. Ndo maana zinawekwa mbili, ya pili ifute kuhama kwa ya kwanza, na hilo linawezekana tu kama zinafanana na joto lao ni moja.

Basi nikakaa na mfuko wa transista za aina moja, kila moja naipitisha mkondo uleule napima. Kazi ya subira hiyo, ukiishika na vidole tu namba kwenye mita inaanza kuteremka hapohapo unaiona, unaiachia, unasubiri itulie ndo unaandika, mwisho nikawa nazishika kwa kibanio cha plastiki. Zilizopishana chini ya milivolti 1 nikazigandisha uso kwa uso, nikazizungushia kipande cha shaba.

Ikatulia sana, ila noti za juu na za chini kabisa bado zilikuwa zinahama kidogo, kwa sababu hata jozi ikifanana vipi ukubwa wa oktava wenyewe unabadilika asilimia 0.33 kwa digrii. Ukiwa oktava 5 mbali na noti ya katikati ni senti 20 kwa digrii (senti 100 ni semitoni moja). Dawa yake ni rezista ya tempko, yaani inayobadilika na joto, ya 3300 ppm (asilimia 0.33 kwa digrii), na lazima iguse zile transista, mimi niliilaza juu yao kwa pesti ya joto. Kuna bodi nimeziona imewekwa kona nyingine kabisa, sasa inafidia joto la nani?

Huko juu kabisa shida ni nyingine, ule muda wa kumwaga kapasita. Mikrosekunde 1 si kitu kwenye noti za chini, ila kwenye kilohezi 10 ni asilimia 1, unashuka senti kama 17. Nikaweka rezista mfululizo na kapasita ili komparata iwahi kadiri mkondo unavyokua, kwa kapasita ya nanofaradi 1 hesabu inatoa kiloomu 1, ukianzia hapo unamalizia kwa sikio. Oskileta ya wimbi la pembetatu haina hili tatizo, lakini ukitaka msumeno kutoka kwake unapata kamkwaruzo pale inapogeuka, na mi "hard sync" (oskileta moja kuilazimisha nyingine ianze wimbi upya) napenda mno, kwa hiyo msumeno ukabaki.

Ukitaka sauti nyingi kwa pamoja usijitese hivi, chukua chipu ya oskileta ya 3340, fidia ya joto iko ndani yake tayari, ndo ilikuwa kwenye SH-101, sintesaiza ya Roland.

Kitu kingine, VCO mbili kwenye pawa moja zikikaribiana tuni zinashikana zinakuwa noti moja, ule mtikisiko mzuri wa noti mbili zinazokaribiana unapotea. Kila moja nimeiwekea rezista ya omu 10 na kapasita kwenye kila laini ya pawa, zikaachana. Na tuni nagusa kesi ikishapata joto lake, kabla ya hapo sigusi.